Mzee wa Kupita

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote iliyochapishwa, kwa hiyo msomaji asipoteze muda kuitafuta. Akiona mahali panafanana na kwao, ajue ni macho yake tu. Sisi tunaoishi huko tumeridhika. Tuna bendera, tuna wimbo, na tuna Wizara ya Elimu na Ugeni, kitu ambacho nchi nyingi kubwa hazijapata.

Mimi naitwa Pongwa. Ni mzee sasa, na sioni haya kusema kwamba nilisoma ukubwani. Ujana wangu niliumalizia bandarini, nikiandika kwa chaki maneno juu ya makasha ya mizigo. Nilikuwa nayanakili vizuri, kwa mwandiko uliosifiwa na wakubwa, bila kujua yanasema nini. Ndipo nikajiunga na kisomo cha jioni. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yakitugonga videvu, tukiimba herufi kama watoto. Siku moja nikasimama mbele ya kasha langu mwenyewe nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa naandika USISIMAME HAPA, na miaka yote ile nilikuwa nasimama hapo hapo. Tangu siku hiyo naiheshimu elimu kuliko kitu kingine. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba niliichukia shule.

*

Shule za serikali katika nchi yetu ni nzuri sana. Nina hakika, kwa kuwa mawaziri wote huzisifu. Hakuna waziri aliyewahi kumpeleka mwanawe huko, na naamini ni kwa unyenyekevu: hawataki kuwanyang'anya wananchi nafasi.

Lakini iliyo bora kuliko zote ni Shule ya Kimataifa ya Mialoni Mitatu, ya msingi, yenye mtaala wa Uingereza. Ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wageni: wahandisi wa barabara, watu wa balozi, na washauri wa hili na lile. Uzuri wa mtaala ule ni kwamba mtoto akihamishwa kutoka nchi hadi nchi hukuta kitabu kilekile katika ukurasa uleule, asijue hata kwamba amehama. Mwaloni ni mti wa Uingereza na kwetu hauoti, ila palikuwa na mikorosho mitatu uwanjani. Serikali ikatoa tangazo kuipa hadhi ya mialoni. Toka hapo watoto wakakatazwa kuokota korosho chini yake, kwa sababu mwaloni hauzai korosho. Zinaoza hapo mpaka leo, na anayezikanyaga hufuta kiatu bila kusema amekanyaga nini.

Sheria ilisema wazi kwamba Mialoni ni ya wageni peke yao. Kisha wageni wakaondoka. Hatukuwafukuza. Barabara waliyokuja kuijenga ilifika mwisho, nayo ilifika mwisho mapema kidogo kuliko ilivyochorwa. Madarasa yakabaki matupu, na ikawa fedheha kwa taifa, maana nchi isiyo na wageni itajuaje kwamba ipo?

Waziri akahutubia. Nilikuwepo uwanjani na nilimsikia kwa masikio yangu.

"Wananchi wapendwa," alisema, "na ninyi ambao baada ya hotuba hii hamtakuwa wananchi tena, nawasalimu wote. Wenzetu wanangoja wageni waje kutoka nje. Sisi hatungoji. Sisi tutawazalisha hapa hapa."

Tulipiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Hivyo ndivyo ulivyoanza mpango wa Mgeni wa Hiari. Mwananchi alikwenda wizarani akaapa kwamba hana ndugu katika nchi hii, kwamba mambo ya hapa hayamhusu, na kwamba ipo siku atarudi kwao. Kwao ni wapi, hakuna aliyeuliza, ilitosha kutamani. Akishaapa, mwanawe aliweza kuomba nafasi Mialoni. Watu waliozaliwa nyuma ya soko la samaki wakaanza kulalamikia joto. Niliwasikia wakiulizana, kwa sauti za wasiwasi, iwapo hali ya hewa ya huku itawafaa watoto, na mtoto ataumia kiasi gani moyoni familia itakapohama. Kuhamia wapi, nalo halikuulizwa.

*

Tatizo likawa udanganyifu. Walijitokeza watu walioapa kuwa wageni huku watoto wao wakiwa wenyeji kabisa. Wizara ikamteua Bwana Kilimba kuwa Mkurugenzi wa Uthibitisho wa Ugeni, mtu mwenye tai pana na sauti ya kuzindulia madaraja.

Alianza kwa kuwapima watoto lugha. Wote wakafaulu, kwa sababu ya televisheni. Akawawekea ugali na uma aone mkono utakwenda wapi, lakini wazazi wakawa wanawashibisha nyumbani kabla ya kuja. Akakaa akafikiri, na alipoinuka alikuwa amevumbua jambo ambalo limeipatia nchi yetu heshima.

Alinieleza mwenyewe, siku aliponiita ofisini. "Mzee wangu," alisema, "lugha inakaa kichwani, na cha kichwani kinafutika. Shikamoo haikai kichwani. Inakaa gotini. Mtoto wa nchi hii anaweza kusahau jina la babake, lakini mzee akipita, goti linakumbuka."

Kazi aliyonipa iliitwa Mzee wa Kupita. Watoto waliwekwa katika chumba chenye zulia na vikaragosi, wakavichezea. Wajumbe wa tume aliyoiunda Bwana Kilimba walikaa pembeni na wazazi, wakijifanya kusoma magazeti. Kisha mlango ulifunguliwa, mimi nikaingia na fimbo yangu, nikavuka chumba polepole, nikatokea mlango wa pili. Sikuruhusiwa kukohoa wala kumtazama mtoto. Aliyenyanyuka akanisalimu alirudishwa nyumbani na wazazi wake wakarejeshewa uraia.

Nilichaguliwa miongoni mwa wazee wengi, na sitajidai kwamba halikunifurahisha. Bwana Kilimba alisema uso wangu unadai salamu. Wengine walikuwa na mvi lakini hawakuwa na uso.

Wa kwanza kuanguka hakuwa mtoto. Tume iliamua kwamba kipimo kianze na wafanyakazi wa shule, ili pasiwe na lawama. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Winifrida, Mwingereza wa kweli, aliyekuja kijana akazeekea hapa, na kwa wakati ule ndiye mgeni pekee halisi aliyesalia nchini. Nilipoingia tu akaweka chini kikombe chake, akasimama, akasema, "Shikamoo, Mzee Pongwa. Mguu unaendeleaje?"

Nikamjibu marahaba, mguu haujambo. Tume ikaandika kwamba si mgeni. Akavuliwa ukuu wa shule na akapewa uraia kama adhabu. Bwana Kilimba alishika nafasi yake kwa muda, na yumo mpaka sasa. Bi Winifrida alipanga chumba mtaani kwetu, mlango wa tatu kutoka kwangu, akawa anapika maandazi yasiyoumuka na kuwagawia majirani, nao kwa adabu wakayala.

*

Kipimo kilipojulikana, nchi ikabadilika haraka. Wazazi walitaka watoto wao wazoee, kwa hiyo wakaanza kukodi wazee wa kuwapitia sebuleni. Wazee ambao hakuna aliyewatazama kwa muda mrefu sasa walikodishwa ili wasitazamwe. Walipita kwenye sebule za watu asubuhi na jioni, wakatoka na sukari au kanga ya mke, na wengi walisema ni bora kuliko kukaa barazani.

Mitaani kukawa kimya. Zamani, mtoto akikupita bila salamu, mzee alikuwa na dawa yake: ulisema "Marahaba!" kwa sauti, kana kwamba umesalimiwa. Mtoto aliona haya, akarudi, akasalimu kichwa chini, na watu wakacheka. Ilikuwa dawa ya uhakika. Nilimjaribia mtoto mmoja karibu na kituo cha mafuta. Nilisema, "Marahaba!" Yule mtoto alitembea moja kwa moja, na mama yake, badala ya kumshika sikio, alimbusu hapo hapo njiani na kumnunulia aiskrimu.

Basi nikawa napita mjini kama moshi. Nasema hivi bila kulalamika. Taifa lilikuwa linapiga hatua, nami nilikuwa ndani ya kazi.

*

Nyumbani kwangu nilikuwa na mwanangu Thabiti, mkewe Faudhia, na binti yao. Thabiti ana cheo katika mamlaka ya maji, na Faudhia anauza mapazia. Binti yao anaitwa Siwema, jina la marehemu mke wangu, na kwa desturi yetu mjukuu aliyebeba jina la bibi yake ni mke wa babu, kwa utani. Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu, alikuja na kupiga goti.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Chai yangu iko wapi?"

"Mume hana meno, chai ya nini?"

"Meno nimemwazima babako. Mwambie arudishe."

Hapo Thabiti aliguna nyuma ya mlango, na siku ikawa imeanza. Tangu mke wangu afariki, siku zangu hazikuwa na namna nyingine ya kuanza.

Thabiti na Faudhia walichagua shule kwa makini kama wageni wanavyochagua. Walisoma vijitabu, wakauliza ukubwa wa darasa, wakauliza mtoto anayelia siku ya kwanza huhudumiwa na nani. Walitembelea shule tatu, nami niliwasindikiza, ila nilibaki getini kwa kuwa wageni hawatembei na baba zao. Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea safi kabisa, kwa sababu halijawahi kuingia maji. Thabiti alitaka kuuliza kwa nini, akakumbuka anafanya kazi wapi. Ya pili mwalimu alisema Kiingereza kwa kupitia puani hata Faudhia akamwonea huruma, akampa leso. Ya tatu ilikuwa Mialoni. Huko, mwezi wa Desemba watoto huvaa masweta na viyoyozi hufunguliwa mpaka mwisho, ili wasije wakafika Uingereza wakashangaa. Walitoka wamenyamaza, kama watu waliotoka ibadani.

Jioni Thabiti aliniambia mezani. Alikuwa anageuza kijiko.

"Baba, tumeamua. Tunaapa wiki ijayo."

Nikamwambia shule ni nzuri, sina neno. Nikauliza mimi nitakuwa nani.

"Kisheria utakuwa mwenyeji wetu," alisema. "Mgeni hana baba hapa nchini, ila anaruhusiwa kuwa na mwenyeji. Tutahamia Mtaa wa Wageni. Utakuja, Baba, kibali kikitoka."

"Na mtoto ataacha kusalimu?"

"Atasalimu kwa Kiingereza."

"Kiingereza kina shikamoo?"

Thabiti alitazama kikombe chake. "Kina haloo."

"Haloo ni ya simu, Thabiti."

Faudhia alicheka, kisha akainuka kuondoa vyombo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Faudhia si mtu mbaya. Alisema, "Baba, wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba elimu ni kila kitu. Akikosa hapa atakwenda kukaa na watoto mia chini ya bati, na mlango huu haufunguki mara ya pili. Aliyeanguka kipimo haombi tena."

Ilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyesema. Mtu aliyejifunza kusoma huku magoti yakimgonga kidevu hawezi kumzuia mjukuu wake dawati linalomwenea.

*

Wengine walikodi wazee. Sisi hatukuwa na haja. Nilipita kutoka chumbani kwangu kwenda jikoni, na Siwema alikaa kwenye mkeka akichora. Kazi yake ilikuwa kuendelea kuchora.

Mara ya kwanza aliruka kabla sijafika katikati ya sebule. Mara ya pili alijikalia miguu, goti likainuka peke yake, akalipiga kwa kiganja kama mtu anayeua mbu. Faudhia akawa anamtia pipi mdomoni. Ikasaidia mdomo, haikusaidia goti. Nilimwelekeza namna ya kuyatuliza macho kwenye karatasi, kwa kuwa salamu huanzia kwenye macho. Nilikuwa mwalimu mzuri. Kisomo cha jioni kilinifundisha kwamba mwalimu mzuri hufurahi mwanafunzi anapofaulu.

Ikafika siku nilipovuka sebule nzima na yeye hakuinua kichwa. Thabiti alipiga makofi. Nami nikasema vizuri sana, nikaenda jikoni, nikanywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba nikipaka viatu rangi. Siwema akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Babu, umekasirika?"

"Nimekasirikia nini?"

"Sijakusalimia tangu asubuhi."

"Ndiyo masomo hayo, mke wangu. Umefanya vizuri."

"Nilikusalimia," alisema. "Nilisema moyoni. Hukusikia?"

"Masikio yangu yamezeeka."

Akafikiri. Kisha akaushika uso wangu kwa mikono miwili, kama marehemu bibi yake alivyokuwa akinishika nisipomsikiliza. "Basi sikiliza vizuri. Nitakuwa nasema moyoni kila siku. Na wewe ujibu. Si ulisema salamu isiyojibiwa inamkwama mtu kooni?"

Nilikuwa nimesema hivyo, siku nyingi nyuma, nikimfundisha kuwaitikia majirani. Nikamwahidi kwamba nitajibu. Niliona ni ahadi ya mtoto, ya kumaliza maneno.

*

Siku ya kipimo nilimwomba Bwana Kilimba amtumie mzee mwingine. Thabiti ndiye aliyekataa. Alinivuta ukumbini, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, amezoea kutokukusalimu wewe. Mzee mwingine akiingia atasimama tu. Tafadhali."

Nikaona ana akili, mwanangu. Nikakaza fimbo.

Mlango ulifunguliwa. Watoto walikuwa wanne juu ya zulia, na Siwema alikuwa wa mwisho, karibu na mlango wa kutokea, amevaa soksi ndefu nyeupe. Alikuwa anapanga vikaragosi. Pembeni Faudhia ameshika gazeti juu chini. Nilianza kuvuka. Mtoto wa kwanza alinyamaza, ametulia kama jiwe. Nilimjua babu yake, tulifanya kazi wote bandarini. Wa pili alianza "Shi..." akajifunga mdomo kwa mikono, na nyuma ya gazeti moja mtu mzima akaanza kulia. Wa tatu alikuwa amelala.

Nikafika kwa Siwema. Macho yake yalikuwa kwenye kikaragosi. Goti lilikuwa chini, limetulia. Hakuna mjumbe ambaye angeona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Alifanya kila nilichomfundisha. Ila niliona koo lake likipanda na kushuka, kama mtu anayemeza kitu kikubwa, na kisha akaacha kupumua, akangoja.

Nilikwisha kumpita. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

"Marahaba, mke wangu," nikasema.

Magazeti yote yakashuka. Thabiti alifunika uso. Bwana Kilimba akainuka taratibu, akainyoosha tai, akatangaza kwamba jambo la namna hii halijawahi kutokea tangu ugeni uanze. Tume ikajifungia. Tulisikia sauti zao ukutani. Mjumbe mmoja alisema hakuna marahaba bila shikamoo, kwa hiyo mtoto amesalimu, tena kwa njia ya siri, ambayo ni mbaya zaidi. Mwingine alisema mdomo wa mtoto haukufunguka. Wa tatu aliuliza kama chai itakuja.

Thabiti hakunitazama. Alikaa na mkono juu ya kichwa cha binti yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona mwanangu akiwa amezeeka. Nilitaka kumwambia nimekosea. Lakini Siwema alikuwa ananitazama, waziwazi, bila kujificha, na alikuwa anapumua vizuri.

Tume ilipotoka, Bwana Kilimba alisoma uamuzi akiwa amesimama kitini.

"Tume imeona," alisema, "kwamba mtoto hakusalimu. Mzee ndiye aliyejibu. Na hilo ndilo hasa linalowapata wenyeji wanapokuwa mbele ya mgeni wa kweli: hujibu wasichoulizwa. Mtoto huyu ana ugeni mkubwa kiasi cha kumfanya mwenyeji achanganyikiwe. Amefaulu kwa sifa."

Faudhia akaanguka kifuani kwa mumewe. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Kisha Bwana Kilimba akaongeza kwamba Mzee Pongwa anastaafishwa kwa heshima zote kuanzia saa ile, kwa kuwa masikio yake yameanza kusikia.

*

Walihama wiki iliyofuata. Mtaa wa Wageni una ukuta, na ndani yake, naambiwa, watu hawajuani, jambo linaloonyesha kwamba mpango umefanikiwa. Kibali changu kinashughulikiwa. Thabiti hunipigia simu, na husema haloo, na mimi humjibu haloo, kwa kuwa ni simu. Siwema siku hizi anaitwa Ema. Faudhia alisema hawakulibadilisha jina, wamelipunguza tu.

Nyumba ni kubwa sasa. Asubuhi navaa viatu, na nikishavivaa nakaa nimevivaa. Saa zile Bi Winifrida hupita mlangoni na sahani yake. "Shikamoo, Mzee Pongwa," husema, nami humjibu, na tunayatazama maandazi. Siku moja aliniambia kwamba kwao Uingereza babu yake alikuwa akimpa kila asubuhi nusu ya yai lake, na kwamba hakuwahi kumsimulia mtu mambo hayo hapa kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nikamuuliza yai lilipikwaje. Alieleza kwa muda mrefu.

Baadaye nachukua fimbo yangu na kwenda Mialoni. Nasimama nje, kando ya barabara, mahali ambapo magari hupunguza mwendo kuingia getini. Yote yana vioo vyeusi, kwa hiyo haijulikani nani yumo. Ukutani kuna maandishi makubwa, USISIMAME HAPA, na nayasoma vizuri sana. Mwandiko wake si mzuri.

Gari likipita, nasema, "Marahaba." Likija jingine, nasema tena. Nayajibu yote, kwa kuwa sijui lipi ni lake, na katika hayo mengine huenda namo mna mtoto aliyekwamwa na kitu kooni.

Mlinzi wa geti ni kijana wa watu, hanifukuzi. Siku za mwanzo alidhani nimepungukiwa. Alinijia akaniuliza, "Mzee, unamjibu nani?"

"Watoto."

"Mbona mimi sisikii wakisalimu?"

Nikamwambia ni suala la kisomo. Akatikisa kichwa, akarudi getini. Ila siku hizi nikichelewa kwa sababu ya mguu, namkuta ameniwekea jiwe la kukalia, na amelisogeza mahali penye kivuli cha mwaloni, ambao msimu huu umezaa korosho nyingi sana.

Juzi gari moja lilipunguza mwendo zaidi ya kawaida. Kioo cha nyuma kilishuka upana wa kidole, kikasimama, kikapanda tena. Ndani sikuona kitu. Nilinyanyuka pale kwenye jiwe, nikasema "Marahaba, mke wangu" mara mbili: moja ya siku ile, na moja ya akiba, kwa siku nitakayokuwa siwezi kuja.